Mwaka wa Mikia ya Tumbili

Tulipomzika Katekista Ladislaus mwaka jana, pale Nyarubungo, mjukuu wake mmoja anayesomea udaktari alinisogelea na sahani ya pilau mkononi. Akaniuliza mbele ya watu kama ni kweli babu yake aliwahi kumvunja mwalimu jino kwa ajili ya nyani. Vijana waliokuwa naye wakacheka. Siwalaumu, msiba wa mzee aliyeshiba miaka huruhusu utani. Mimi sikucheka. Nilimwambia jino lilivunjika kweli, nililiona kwa macho yangu likiwa kwenye ugali, na kwamba akiweka hiyo sahani chini nitamweleza yaliyofuata. Hakuiweka. Basi nayaandika, maana mimi nina hasira za karibu, na nikisimulia jambo hili kwa mdomo huishia kugombana na msikilizaji.

Nilifika kijiji kile nikiwa msichana wa miaka kumi na minane, nikitokea Nyamiaga, Mhangaza niliyejifunzia Kiswahili darasani. Serikali ilitaka kila mtoto aingie shule, walimu hawakutosha, ikatuokota sisi tuliomaliza darasa la saba. Asubuhi tulifundisha, mchana tukafundishwa sisi. Walituita walimu wa UPE, na wapo waliolitamka jina hilo kwa kubinua midomo. Nilipewa chumba kwa Katekista Ladislaus. Nyumba ilikuwa ya fito na udongo, vyumba vitatu, bila dari, kwa hiyo neno lililosemwa chumba kimoja liliruka kuta na kuingia vyote. Chumba cha kwanza kilikuwa cha Mwalimu Deusdedit, kijana wa Singida aliyefundisha historia. Cha mwisho kilikuwa changu. Katekista na mkewe, Mama Febronia, walilala cha kati, kwa makusudi kabisa. Nyumba yenyewe ilikuwa bado mpya. Miaka michache nyuma watu walikuwa wameondolewa kwenye migomba yao waende kuishi pamoja kijijini, na waliogoma walichomewa paa huku chungu kikiwa motoni. Mama Febronia alikuwa na kovu la moto kutoka kiwiko hadi kidole gumba, alilolipata akimtoa mbuzi. Nyumba zilipangwa kwa mistari kando ya pori, na mwenye pori hilo, tangu zamani, alikuwa tumbili.

Chakula cha jioni kilikuwa ugali wa muhogo na maharage, siku nyingine kisamvu, Jumapili ndizi. Mama Febronia alitenga sinia moja kwa wote, na kwenye sinia hilo ndipo nilipowasikia kwa mara ya kwanza watu wazima wakigombania asili ya mtu. Katekista alianza hata kabla ya kunawa. “Mwarimu, leo umewaambia watoto babu yao ni nani?” Mwalimu Deusdedit, ambaye alijua kula haraka huku anaongea, alijibu kwamba amefundisha kilichomo kitabuni: mtu hakutokea siku moja, alibadilika polepole, kwa muda mrefu mno, kutoka kwa viumbe waliofanana na nyani, na mafuvu yao yamechimbwa hapa hapa nchini kwetu. “Kama nyani aligeuka mtu,” Katekista alisema, “hawa wanaokula mahindi yangu wanangoja nini?” Mwalimu akasema hatukutokana na hawa, sisi na wao tulikuwa na babu mmoja. “Babu yangu mimi alikuwa na jina. Wako aliitwa nani?” “Na babu wa babu wa babu yako, Mzee, aliitwa nani?” “Adamu,” akasema Katekista, akakata tonge kubwa, kesi imekwisha. Mwenyekiti wa kijiji, Karoli, akipita kusalimia, alimuunga mkono Mwalimu kwa sababu yake mwenyewe: alifurahi mno kusikia kwamba binadamu wa kwanza alikuwa Mtanzania. Mimi nilikuwa pande zote mbili. Asubuhi nilisali na Katekista, jioni niliazima kitabu cha Mwalimu. Na nilimpenda Mwalimu. Nalisema wazi sasa, sina tena wa kumwonea haya.

Agizo la mwaka ule lilikuwa kila nyumba ipeleke mikia ya tumbili ofisi ya kijiji, kila mwezi. Asiyepeleka alilimishwa shamba la kijiji zaidi ya wenzake. Jumamosi wanaume walizingira kichaka kwa nyavu, wakatia mbwa ndani, na waliokimbia walipokelewa kwa marungu. Walimu tulitakiwa kushiriki. Nilikwenda mara moja. Kelele zao sizitaki hata leo. Wanalia kwa sauti nyembamba, watoto wao wameng'ang'ania tumboni, na mbwa hawachagui. Jike mmoja alipigwa begani akaanguka karibu na miguu yangu. Akashika jeraha, akautoa mkono, akautazama ule mkono wenye damu, kisha akanitazama mimi. Kijana mmoja akammaliza kwa rungu, akakanyaga mgongo, akakata mkia kwa panga, akautia kiunoni pamoja na mingine. Mwalimu Deusdedit alikuwa nyuma yangu. “Mkuki kwa nguruwe,” alisema kwa sauti, na hakumalizia methali.

Ukoo mmoja haukupeleka hata mkia mmoja. Ulikuwa ukoo wa Mzee Bigirwa, ambao muziro wao, yaani mnyama wasiyemuua wala kumla, ni tumbili. Wao humwita nkende. Mtu wa ukoo huo akimkuta nkende amekufa njiani humfunika kwa majani kabla ya kupita. Kwa kukosa mikia walilima zaidi ya wote, wakanyamaza. Na Katekista Ladislaus alikuwa wa ukoo huo huo. Mzee Bigirwa alikuwa kaka yake, baba mmoja mama mmoja. Hilo sikulijua miezi ya kwanza, kwa sababu ndugu hao walisalimiana kama watu wanaokutana sokoni.

Mjukuu wa Mzee Bigirwa, Yustina, alikuwa darasa la sita. Siku Mwalimu alipofundisha sura ile mimi nilikaa nyuma kujifunza, kama ilivyokuwa kazi yetu walimu wa UPE. Alichora ubaoni mti wenye matawi, tawi moja tumbili, moja nyani, moja sokwe, moja mtu. Yustina akasimama. “Mwalimu, ndiyo sababu sisi hatuwaui?” Mwalimu alifurahi kama mtu aliyepata maji jangwani. “Pengine wazee wenu waliliona kabla ya wenye vitabu,” akasema. Ilikuwa sentensi nzuri, na kijijini ilifika kabla ya kengele ya mwisho. Njiani wenzake wakamwita Yustina mtoto wa tumbili, wakamvuta sketi kutafuta mkia. Akaokota jiwe akampasua mvulana mmoja kichwa hadi tukaona mfupa. Mwalimu mkuu aliwachapa wote wawili, aliyepasua na aliyepasuliwa, mpaka fimbo ikavunjika, akaagiza nyingine.

Kesho yake Mzee Bigirwa alikuja shuleni na kibuyu cha rubisi, pombe ya ndizi. “Shikamoo, Mzee,” tukasema. “Marahaba, wanangu. Nimekuja kusomewa.” Mwalimu akamletea kiti, akasoma. “Rudia hapo,” Mzee alisema, na Mwalimu akarudia: mtu na wanyama hawa ni wa jamii moja. Mzee aliuinamia ukurasa. “Kitabu hiki ni cha serikari?” “Ni cha serikali.” “Wamekipiga muhuri?” Mwalimu akamwonyesha muhuri wa wizara kwenye jalada la ndani. Mzee akaupapasa kwa kidole. “Basi,” alisema, akaacha kibuyu, akaenda zake.

Mkutano wa kijiji uliofuata alisimama mbele ya wote. Alisema ukoo wake umelimishwa adhabu tangu agizo litoke, na wamevumilia, wakidhani ni mila yao tu dhidi ya serikali. “Kumbe serikari yenyewe imeandika kwamba nkende ni ndugu. Sasa hatulimi tena adhabu. Na kile kichaka nyuma ya nyumba zetu, mtu asiingie na rungu.” Watu walicheka, kisha wakamwona hatanii. Mwenyekiti Karoli akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akaeleza, na alieleza vizuri: kwamba jamii moja kitabuni si ukoo, kwamba undugu huo ni wa mbali mno, kwamba kitabu hakikatazi kulinda mahindi. Hakueleweka na mtu hata mmoja. Walioua walisikia kwamba wanaitwa wauaji. Wasioua walisikia kwamba mwenye kitabu anaogopa.

Jioni ile Katekista hakunawa. Alikaa kwenye kigoda chake akalitazama sinia. “Unajua nilibatizwaje?” alimwuliza Mwalimu. “Padri aliniambia niache muziro. Nikamkamata nkende kwenye mtego, nikamchinja uani, baba yangu anatazama. Alinipiga mpaka damu ikatoka masikioni. Kaka yangu Bigirwa ndiye aliyenishika miguu. Nikaenda kanisani hivyo hivyo, nasikia kwa sikio moja.” Mama Febronia alimwambia ale. Hakumsikiliza. “Maisha yangu yote nimewaambia watu hawa: Mungu alimfinyanga mtu peke yake, akampulizia pumzi, mnyama ni mnyama. Sasa wewe, mtoto wa juzi, unakuja na muhuri kuniambia siku ile nilichinja ndugu?” Mwalimu alikuwa na tonge mdomoni. Angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na ulimi ule wa kupenda kushinda. “Kwa mbali, Mzee,” akasema. “Kwa mbali sana, ndiyo.” Katekista aliinuka na kigoda mkononi na kumpiga nacho usoni. Nilisikia mlio kabla ya kuona damu. Mwalimu aliangukia ukuta, udongo ukamwagika, na jino likatua kwenye sinia. Katekista akakiinua kigoda tena, na Mama Febronia akasimama katikati na ule mkono wake wa kovu. “Ladislaus! Kwenye chakula!” Ndipo akakiweka chini, akakitazama kama si chake. Mama akalitoa jino kwenye ugali, akalisuuza, akampa mwenyewe. Mwalimu hakuhama, maana hakukuwa na pa kuhamia. Siku kadhaa alishindwa kutafuna, na Katekista alimpondea maharage kwa mkono wake mwenyewe, akampelekea chumbani. Wiki ya pili wakaanza tena kubishana, kwa sauti ya chini kidogo.

Kisha vita ikaja. Tuliisikia redioni kwa Mwenyekiti, kijiji kizima kimesimama uani, kwamba Nduli, ndivyo redio ilivyomwita mtawala wa nchi jirani, ameingia upande wa Kagera na anachinja watu. Wakimbizi walipita wakielekea kusini wakiwa na watoto na magodoro. Vijana wakakusanywa mgambo, wakafundishwa kuruka mitaro na kuchoma magunia ya majani kwa mikuki. Wavulana wangu wa darasa la tatu nao wakawa wanachoma migomba. Kila mgeni akawa jasusi. Mfanyabiashara mmoja wa chumvi alifungwa kamba kwenye mti wa sokoni siku nzima, akapigwa na kila mpita njia alivyojisikia, kwa sababu alisema neno kwa lafudhi isiyojulikana. Mwenyekiti Karoli alitangaza kwamba mahindi ya kijiji ni ya wanajeshi. “Anayemlinda tumbili anamlisha Nduli,” alisema, na tangu siku hiyo lile suala la nani ni babu wa nani halikuwa tena mazungumzo ya kwenye sinia.

Mahindi yalipoanza kubeba, mgambo wakaingia asubuhi kwenye kichaka cha nyuma ya nyumba za akina Bigirwa. Walimu tulikuwa shuleni, ng'ambo tu ya shamba, na tuliona. Mzee Bigirwa alisimama mbele na fimbo yake ya kutembelea, wanawe nyuma yake na mikuki. Mgambo waliambiwa wawasukume. Wakawasukuma. Mkuki mmoja ukampata kijana wa mgambo pajani, akapiga ukelele, na hapo hapakuwa tena na amri. Marungu yaliyozoea kazi ya Jumamosi yalifanya kazi ile ile. Niliona watu ninaowajua, watu walioniuzia mayai, wakipiga kichwa cha mtu kilicho chini. Mzee Bigirwa alipigwa la kwanza akapiga magoti; la pili lilimlaza. Tumbili walitoka kichakani wakapita juu ya watu wale, wakaenda zao kwenye mahindi, na hakuna aliyewafuata.

Wanawe walimbeba maiti mpaka kwa ndugu yake, kama desturi inavyotaka, wakamlaza uani kwa Katekista. Nilifika nikikimbia na Mwalimu Deusdedit. Sospeter, mwana mkubwa, baba yake Yustina, alikuwa amekaa chini na kichwa cha baba yake mapajani, shati lote jekundu. Katekista alikuwa amepiga magoti, hasali, anamfuta kaka yake masikio kwa kanzu yake ya kanisani. Hata kabla hatujamfunika, mgambo wakajaa langoni, Mwenyekiti mbele yao. Hawakuja kuomba radhi. Walikuja kutafuta aliyeanzisha. “Mtoe mwalimu,” walisema. “Yeye ndiye aliyewatia watu hawa kiburi. Ni mtu wa Nduli.” Mmoja alikuwa na kamba iliyotumika kwa mwuza chumvi. Mama Febronia alitusukuma ndani, mimi na Mwalimu, akaegemea mlango.

Katekista alikwenda kuongea nao. Alirudi na masharti: Mwalimu asimame mlangoni aseme mbele ya wote kwamba kitabu kinadanganya na yeye aliwadanganya watu. Akisema, wataondoka. Asiposema, wataichoma nyumba, na nyumba za eneo lile zilikuwa zinajua kuungua. Mwalimu alinishika mkono, mara ya kwanza na ya mwisho. “Sema, mwanangu,” Katekista alimwambia. Hakuwa na ushindi wowote usoni. “Ni maneno tu. Mungu anajua kilicho moyoni. Sema uishi.” Mwalimu aliniangalia. Nami nilimwambia aseme. Mtu yeyote anayempenda mtu angemwambia hivyo.

Akatoka akasimama kizingitini. “Nilikosea,” alisema. “Tumbili si ndugu wa mtu. Mtu aliumbwa na Mungu peke yake, na mnyama ni mnyama. Niliwadanganya.” Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Wale wenye kamba wakaanza kuikunja. Lakini uani hapakuwa na mgambo peke yao. Sospeter alikiweka kichwa cha baba yake chini, taratibu, akasimama. “Rudia,” alisema. Mwalimu akarudia, kwa sauti ndogo. “Kwa hiyo baba yangu amekufa kwa uongo wako.” Hakuuliza, alisema. Mwalimu alifungua mdomo, ule mdomo wenye pengo. Sospeter akachukua panga lililokuwa limeegemezwa kwenye ukuta wa jiko. Katekista alipiga kelele na kuruka katikati. Panga lilimkata kwanza kiganja, kisha likampata Mwalimu shingoni, kisha tena, na tena, alipokuwa tayari chini. Damu iliingia ndani hadi kwenye miguu yangu. Yustina alikuwa amesimama karibu na jiko na ndoo ya maji ya kuoshea maiti. Hakuiangusha. Mgambo waliokuja kumwua mtu yule yule ndio waliomkamata Sospeter na kumpiga kwa kosa la kuua.

Polisi walimchukua, na hatukumwona tena. Wengine walisema alifia gerezani, wengine kwamba alipewa mzigo wa risasi kubeba akafia vitani, ng'ambo ya mto Kagera. Barabara zilikuwa za wanajeshi, Singida ilikuwa mbali, hivyo Mwalimu alizikwa pale pale, na Katekista ndiye aliyechimba, mkono mmoja umefungwa kitambaa. Hakutaka asaidiwe. Vijana wa mgambo walipelekwa vitani baada ya hapo, baadhi yao hawakurudi, na nilipotangaziwa majina yao sikulia. Hilo nalisema kama lilivyo. Nyumbani tulikula kwenye sinia lile lile, watatu, na hakuna aliyeuliza nimefundisha nini.

Muhula ulipofunguliwa nilipewa darasa lake, sasa darasa la saba, na marudio ya historia huanza na sura ya kwanza. Niliogopa. Nilimwambia Katekista jioni kwamba nitairuka. Aliacha kula. “Usiruke,” alisema. “Mimi ndiye niliyemwambia akane. Fundisha kama alivyofundisha, na mimi nitakuja kusikiliza.” Nilidhani ni maneno. Asubuhi alikuja kweli, amevaa kanzu iliyofuliwa isitakate, akakaa dawati la nyuma magoti yakigusa ubao, watoto wote wakasimama: “Shikamoo, Katekista.” “Marahaba. Kaeni.” Nikachora ule mti na matawi yake. Nikasoma neno kwa neno. Alifanya ishara ya msalaba nilipofika kwenye tawi la mtu, lakini hakutoka. Nilipomaliza nikauliza kama kuna swali, na mkono ulioinuka ulikuwa wake, wenye kovu jipya kiganjani.

“Mimi siamini,” alisema. “Mwarimu alijua, na wewe unajua. Lakini nauriza. Katika kubadirika huko, yule wa kwanza kumwua nduguye akijua ni nduguye, kitabu kinasemaje? Alikuwa bado mnyama, au alikuwa tayari ni mtu?”

Nilimwambia kitabu hakisemi. Kisha Yustina akasimama kwenye dawati lake, mikono nyuma, kama tulivyowafundisha kusimama wanapojibu.

“Alikuwa ni mtu, babu,” alisema. “Nilimwona.”